Fundi Puu

Kuna swali moja ambalo nikiulizwa tena nitamrushia mtu randa. Swali lenyewe ni hili: "Samahani dada, hiki kiti ni cha kukalia au cha filamu?" Anayeuliza hudhani yeye ndiye wa kwanza kulifikiria tangu dunia iumbwe. Hucheka kabla hajamaliza, humkonyeza mwenzake, kisha hukigusa kiti kwa ncha ya kidole kama anayejaribu pasi ya moto. Halafu huenda zake kununua viti vya plastiki.

Baba yangu ni seremala. Ana miaka sitini na tisa, na karakana yetu ya mabati iko nyuma ya kituo cha mafuta. Yeye hupima, hukata na kuunganisha; mimi, bintiye wa pekee, hupiga msasa na vanishi na kuongea na wateja. Naongea nao kwa sababu baba hana subira. Mimi sina zaidi yake, ila angalau husubiri wafike barabarani ndipo niwatukane. Mji mzima unamwita Fundi Puu. Puu, yaani mlio wa mtu anayeanguka chini kwa makalio. Jina hilo limemkaa kuliko alilopewa na wazazi wake, na juzi hata bili ya umeme ilikuja nalo.

Chanzo ni zile filamu za watoto watundu. Waliokua zamani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya waliozaliwa na simu mkononi nitaeleza. Zilikuwa filamu fupi, dakika kumi kila moja, za darasa moja lenye watoto watatu waliolaaniwa: Kifutio, ambaye ndiye kiongozi, Sindano, mwembamba wa kupenya kila dirisha, na dada mmoja mdogo aliyeitwa Kamasi, ambaye hakuwahi kusema neno ila ndiye aliyekuwa na akili. Leo wanamfungia mbuzi kabatini, kesho wanatia wino kwenye birika la chai, keshokutwa wanaficha kengele ili kipindi kisianze, kisha wanajikuta wamekaa darasani mpaka saa kumi na mbili. Mambo hubadilika, mwisho haubadiliki. Mwalimu anaingia, anapiga kelele "Kimya!", anavuta suruali yake juu kidogo, anakaa, na kiti kinavunjika. Puu. Watu wanacheka mpaka machozi, filamu imekwisha.

Zilitengenezwa filamu sitini na nne, na viti vyote vilikuwa vya baba.

Sasa, watu hudhani kutengeneza kiti cha kuvunjika ni kazi ya fundi mbovu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Kiti kibovu huvunjika kinapotaka. Cha baba kilivunjika alipotaka yeye. Alikuwa anatengeneza viti vitatu vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kilikuwa kizima, cha kukaliwa mwalimu anaposema maneno yake. Viwili vilikuwa na ugonjwa. Mguu wa nyuma, pale ulimi wa mbao unapoingia kwenye tundu lake, aliukata kwa ndani akabakiza unyuzi wa unene wa njiti ya kiberiti. Pengo alilijaza nta iliyochanganywa na unga wa mbao ili kamera isione kitu. Kiti kilipaswa kumbeba mtu mzima kwa pumzi tatu, kisha kimwachie. "Kikivunjika mapema ni ajali," baba husema, "na kikichelewa hakichekeshi." Kimoja kati ya hivyo viwili alikijaribu kwanza kwa makalio yake mwenyewe kwenye ghala walikopigia picha. Mama alikuwa akimkanda kwa maji ya moto kila Ijumaa.

Aliyekuwa anaanguka ni mwigizaji tunayemwita Mwalimu Kimya mpaka leo, ingawa hajawahi kufundisha hata kunguru. Yeye na baba walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kukaa, Mwalimu Kimya alimtupia baba jicho, naye baba alikuwa amesimama nyuma ya kamera. Kama baba alitazama pembeni, kiti ni kizima, kaa kwa amani. Kama baba alitikisa kichwa kukubali, hiki ndicho, anguka bila woga. Hawakuwahi kusemezana neno. Filamu sitini na nne, na Mwalimu Kimya hakuumia hata ukucha. Baba hakuwahi kucheka akizitazama zile filamu. Alikuwa akitazama kiungo. Lakini ukimuuliza amefanya nini cha maana maishani, atakujibu hilo la ukucha.

Filamu zilikoma mwongozaji alipofariki na ghala likageuzwa kuwa duka la matairi. Baba akarudi kwenye vitanda na makabati kama fundi mwingine yeyote, na mambo yalikuwa yakienda. Hakuna aliyejua kwamba vile viti vya filamu vilikuwa vyake. Kisha wakaja watu wa televisheni kumhoji, wakamwomba aoneshe jinsi ya kukata mguu wa kiti, naye kwa unyoofu wake akawaonesha. Akaeleza na ile nta. Akakaa, akaanguka, akainuka akatabasamu. Ni mara yangu ya kwanza kumwona baba akitabasamu kwenye televisheni, na natamani ningeuzima umeme wa nchi nzima siku ile.

Wiki iliyofuata kitanda cha harusi kilirudishwa. Shangazi wa bibi harusi alisimama mlangoni kwetu, mkono kiunoni, akasema hawezi kumpeleka mtoto wa kaka yake akalale juu ya kichekesho. Kitanda hicho baba alikichukua nyumbani; mama alilala juu yake miaka kumi na sita mpaka alipofariki, na hakijawahi kulia hata kidogo. Kinyozi wa hapo mbele alinunua benchi la wateja. Wateja wakawa wanasubiri wima, ukutani, kama waliokuja kupigwa picha za polisi. Akalirudisha kwa adabu. "Mzee, benchi lako halina kasoro," alimwambia baba. "Watu ndio wenye kasoro."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningependa kukutana na huyo mhenga. Nimekaa na vyema miaka yote hii, vimejaa vumbi mpaka dari, na sijaona hata kimoja kikijiuza.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu mpaka mwaka huu, alipokuja mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara. Ni mwanamke mfupi, mgeni mjini, asiyependa maneno mengi. Hakuuliza lile swali. Aliinama, akatazama chini ya meza tuliyokuwa nayo, akapitisha kidole kwenye viungo. Katika miaka yangu yote ya karakana sijaona mteja akitazama chini ya meza. Akasema anahitaji madawati sitini, watoto wake wanakaa sakafuni, na kamati ya wazazi itaamua ikiona dawati moja la mfano.

Alipoondoka baba alichomoa penseli ya sikioni, akaichezea vidoleni.

"Sitini," alisema. "Unajua maana yake, mama? Kila mtoto wa mji huu atakaa juu ya kazi yangu miaka saba. Akikua, hawezi tena kuniita Puu. Atakuwa anajua kwa makalio yake."

Dawati moja lilimchukua siku tisa. Hakutumia msumari hata mmoja. Kila ulimi ulikuwa mrefu, umepita tundu na kutokea upande wa pili, umefungwa kwa kabari. Nilimwambia, baba, hili litakaliwa na watoto wa miaka saba, si na tembo. Akachonga kabari nyingine. Nilipiga msasa mara nne mpaka vidole vikachubuka. Sikulalamika, na wanaonijua watakwambia hilo ni jambo la kuandikwa.

Lakini habari zikafika mjini, na mji ukafurahi kwa namna yake. Mwenyekiti wa kamati, muuza saruji mwenye tumbo la kutosha watu wawili, akatangaza kwamba dawati litajaribiwa hadharani Jumamosi, wazazi wote waje washuhudie. Kila nilipopita sokoni niliulizwa, "Jumamosi saa ngapi?" na macho yanang'aa. Hakuna aliyetaka kuona dawati. Walitaka kuona puu.

Baba hakuwa mjinga, alilijua hilo. Siku ya Alhamisi aliniambia tuende kwa Mwalimu Kimya. Yule mzee sasa ana miaka sabini na mitano, anaishi na mjukuu wake wa kike kwenye vyumba viwili vilivyojaa picha zake za zamani. Naye yamemkuta ya kwake: hawezi kuingia benki bila mtu kumvutia kiti na kumwambia "Kimya!" Tofauti ni kwamba yeye anayapenda.

"Mwalimu," baba alimwambia, "Jumamosi njoo ukae kwenye dawati langu mbele ya watu. Wakikuona wewe umekaa na hujaanguka, watasadiki."

"Nije nikae," alisema Mwalimu Kimya.

"Ukae tu. Halivunjiki."

"Halivunjiki!" Akacheka mpaka akakohoa.

"Sikiliza, Mwalimu. Halivunjiki. Nimelitengeneza siku tisa, halivunjiki."

"Nimekuelewa, Fundi," alisema, akimpiga baba begani. "Nimekuelewa kabisa. Niachie mimi."

Tukanywa chai, tukaondoka. Njiani baba alikuwa anapiga mluzi. Sikumbuki lini nilimsikia akipiga mluzi.

Jumamosi asubuhi tulilibeba dawati mimi na yeye, tukalipanga katikati ya darasa kubwa. Wazazi walikuwa wamejaa mpaka madirishani, simu juu. Mwenyekiti akatoa hotuba ndefu kuhusu usalama wa watoto wetu, kisha akauliza nani atakaa. Watu wazima zaidi ya mia, hakuna aliyesogea. Mmoja alisukumwa mbele na wenzake, akakimbia kana kwamba dawati litamfuata. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa, lakini hawa hawakuwahi kuumwa na chochote! Walioumwa ni sisi.

Baba akakaa. Likatulia tuli. Akajitikisa, akaegemea, akaruka makalio juu akarudi chini.

"Hiyo haihesabiki," alisema mwenyekiti. "Fundi anajua pa kukalia."

Nikakaa mimi.

"Na huyu ni mtoto wake."

Nikamuuliza kama anataka tumletee mtoto wa nani, wa rais? Mwalimu mkuu akanishika mkono. Yeye mwenyewe alianza kuvua mkoba begani ili akae, na laiti angewahi sekunde kumi tu, nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini hapo mlango ukafunguliwa na Mwalimu Kimya akaingia.

Alikuwa amevaa koti la kijivu la kwenye filamu, na tai, na rula ndefu kwapani. Darasa lililipuka. Watu wenye mvi walipiga mayowe kama watoto wa chekechea. Mimi nilipoona ile rula nilimgeukia baba haraka, lakini baba alikuwa amesimama wima kwa fahari. Alidhani rafiki yake amevaa vizuri kwa heshima ya dawati.

Mwalimu Kimya alitembea polepole mpaka mbele. Akatazama huku na huku. Akapiga ubao kwa rula.

"Kimya!"

Kelele zikazima. Akavuta suruali juu kidogo. Akamtupia baba jicho. Na baba, aliyetaka tu kumwambia usiogope rafiki yangu, ni zima, kaa, alitikisa kichwa.

Nilikiona kile kichwa kikitikisika na nikajua, lakini mdomo wangu, unaojua kusema kila kitu kwa wakati usiofaa, haukusema lolote.

Mwalimu Kimya alikaa. Dawati likambeba kama mlima. Pumzi moja. Pumzi mbili. Pumzi tatu. Nikaona uso wake ukibadilika kidogo, kama mtu anayesubiri kupiga chafya isiyokuja. Kisha akajirusha. Miguu juu, mikono hewani, rula ikaruka mpaka dirishani, na mzee wa miaka sabini na mitano akatua kwenye saruji.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilidumu muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe cha chai. Watu waliangukiana mabegani. Mwenyekiti alikuwa anajifuta macho kwa karatasi ya hotuba. Wa kwanza kuona kwamba Mwalimu Kimya hainuki alikuwa baba, akapiga magoti kando yake, akaushika mkono wake wa kulia ambao ulikuwa umekaa vibaya kwenye kifundo. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Polepole kicheko kikaanza kuishiwa, upande mmoja, kisha mwingine.

"Tazameni dawati!" nilipiga kelele. "Limesimama! Vipofu nyie, tazameni dawati!"

Hakuna aliyetazama. Basi nilipanda juu yake na viatu vyangu, nikaruka. Nikaruka tena. Niliruka kama mwendawazimu, nikiwaita kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na lile dawati halikutoa hata mlio. Walinipiga picha vilevile, lakini hizo hawakuzisambaza. Video iliyozunguka mji ni sekunde kumi na mbili tu, inaishia pale mzee anapogusa sakafu. Wameiandikia juu, "Fundi Puu amerudi." Dawati lenyewe halionekani, limekatwa nje ya picha.

Mwalimu mkuu alikuja Jumatatu, kwa miguu, peke yake. Kamati imepiga kura, alisema. Madawati yatakuwa ya chuma, kutoka kwa mchomeleaji wa mji jirani.

"Lakini ulikuwepo," nilimwambia. "Uliona."

"Niliona, dada yangu. Nilikuwa na kura moja."

Sikuwa na la kumlaumu, na hilo liliniudhi zaidi, maana hasira isiyo na mtu wa kubebeshwa hurudi kulala na mwenyewe. Nilimwomba radhi kwa kelele za Jumamosi. Baba alimshukuru kwa kuja, akaendelea kupiga randa ubao ambao haukuwa wa kazi yoyote.

Mchana wa siku hiyo tulikwenda hospitali. Mwalimu Kimya alikuwa amelazwa kwenye wodi ya wanaume, mkono kwenye plasta, mbavu zimefungwa. Wagonjwa wenzake walikuwa wamemwomba aseme "Kimya" mara tano tangu asubuhi, naye alikuwa amesema mara zote tano. Baba alivuta stuli ya chuma, akakaa karibu na mto.

"Nilitikisa kichwa," alisema baba. "Kosa ni langu, Mwalimu. Nilisahau kabisa maana yake. Nilitaka tu kukupa moyo."

"Acha, Fundi. Usijitwishe mzigo."

"Miaka yote ile hukuumia."

"Sikiliza," alisema Mwalimu Kimya, akijisogeza kwa taabu. "Hata usingetikisa kichwa ningeanguka. Ulipokuja kwangu ukaniambia halivunjiki, nilijua unaona haya kuniomba waziwazi. Nikasema, rafiki yangu anataka tuwachekeshe mara moja ya mwisho. Usiku ule nilipiga tai pasi mwenyewe."

"Nilikuambia mara mbili."

"Mara tatu. Ndipo nikazidi kujua ni utani."

Baba aliisogeza stuli karibu zaidi. Nilitaka aondoke, nilitaka asiulize zaidi, lakini fundi ni fundi, lazima ajue kiungo kimeachia wapi.

"Na ulipokaa?" aliuliza. "Ulipokaa likatulia, hukuona kwamba ni zima?"

Mwalimu Kimya alimtazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, jinsi mtu anavyomtazama ndugu yake aliyezeeka.

"Niliona limechelewa," alisema. "Nikajisemea, masikini Fundi, umri umeenda, mkono umekosea, halikuvunjika. Watu wote wale wanamtazama. Sikutaka uaibike. Ndipo nikakusaidia."

Mtu wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa. Nesi alipita na toroli ya chai, akamwekea mgonjwa wetu kikombe juu ya kabati dogo, upande wa mkono mbovu.

"Asante," alisema baba.

Akakichukua kile kikombe, akakipuliza mpaka kikapoa, akamshikia anywe.